Maonesho ya vyuo vikuu Mnazi Mmoja: yanamsaidia nini mtoto anayetaka uhandisi?

Kama una mtoto aliyemaliza kidato cha sita na anataka kusoma uhandisi, nenda Mnazi Mmoja. Naliandika hili mwanzoni ili mwenye haraka alichukue aondoke nalo. Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia, yale yanayoandaliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kila Julai pale Dar es Salaam, ni mahali pekee ninapopajua ambapo mtu wa kawaida, asiyejuana na yeyote, anaweza kuongea na wahadhiri, wanafunzi, Bodi ya Mikopo na wasimamizi wa vyuo kwa siku moja, tena bila kiingilio. Ila unaweza pia kuzunguka kutwa nzima ukatoka na mfuko wa vipeperushi, kofia na kalamu, usijue zaidi ya ulivyojua asubuhi. Inategemea umekwenda na maswali gani.

Nijitambulishe, maana ushauri wa mtu asiyejulikana alikosimama haufai kitu. Mimi ni fundi sanifu ujenzi, nipo Morogoro, nilisoma diploma Arusha Tech, yaani Chuo cha Ufundi Arusha, na kazi yangu miaka yote ni barabara: levo, kushindilia udongo, kupima zege, kuhesabu malori ya kifusi. Naipenda kazi yangu. Lakini kwa sababu ya kazi hiyo najua kwa undani tofauti ya fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Najua nani anaruhusiwa kutia saini mchoro na nani anaishia kuuandaa. Nimeona vijana wenye shahada nzuri kwenye karatasi wakifika saiti na kuambiwa kwamba kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi hawamo. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia kuniambia matokeo ya binti yake yametoka, na kwamba anataka tumsaidie kuchagua kozi, nilipanda treni ya SGR siku ya pili yake.

Binti mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kambini, JKT kwa mujibu wa sheria, kama wenzake wengi waliomaliza mwaka huo. Hili wazazi wengi hawalifikirii: Julai maonesho yakifunguliwa, sehemu kubwa ya vijana wenyewe wako kwenye gwaride. Kwa hiyo usisubiri mtoto arudi ndipo muende pamoja. Mwambie kabla hajaondoka akuandikie maswali yake kwa mkono wake. Mpwa wangu alituachia karatasi ya daftari la mraba yenye maswali matatu. Field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, chuo kinawapangia au kila mtu anajitafutia? Msichana anapelekwa saiti kama wavulana? Ukipata sapu, ule mtihani wa marudio, ukaifeli, unakeri, yaani unasonga mbele na somo hilo mgongoni, au unarudia mwaka? Maswali haya matatu yalitufaa kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa mimi mtu mzima.

Kabla ya kutoka nyumbani, pakua mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya TCU. Ni bure, na upo wa aina mbili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye diploma na sifa linganifu. Msichanganye. Ni faili kubwa, la Kiingereza, limejaa majedwali, na mzazi akilifungua kwenye simu anakata tamaa haraka. Msikate tamaa. Kila kozi ina mstari wake wenye jina, namba ya kozi, masharti ya masomo, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kima cha chini cha kuingia chuo kikuu ni pointi 4 za masomo mawili yanayohusika na kozi. Mpwa wangu alikuwa na B ya Hisabati, C ya Fizikia na D ya Kemia. Kwa kozi inayodai Fizikia na Hisabati ana pointi 7. Kwa uhandisi wa kemikali, ambako Kemia lazima iulizwe, hesabu yake inashuka. Mtoto huyohuyo mmoja, matokeo hayohayo, lakini nguvu yake inabadilika kutegemea mlango anaobisha.

Halafu angalieni safu ya nafasi. Kozi yenye nafasi chache inajaa na wenye A, hata kama mwongozo umeandika pointi 4. Na angalieni safu ya miaka. Shahada ya uhandisi kwetu kwa kawaida ni miaka minne. Ukiona kozi ina neno uhandisi au teknolojia kwenye jina lakini inaisha kwa mitatu, usiikimbie, ila uliza: mhitimu wake anaandikishwa kama nani?

Hilo ndilo swali ningependa kila mzazi aingie nalo pale uwanjani. Watu wengi wanauliza soko la ajira likoje, na kila banda litakujibu kwamba ni zuri. Hakuna aliyesimama kwenye banda atakayekwambia kozi yake haina ajira. Lakini ukiuliza mhitimu anaandikishwa Bodi ya wahandisi kwenye daraja gani, hapo anayejua anajibu kwa sentensi moja, na asiyejua anaanza kuzunguka.

Kwa asiyejua utaratibu, upo hivi. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 inamkataza mtu kufanya kazi kama mhandisi bila kusajiliwa. Ukimaliza shahada inayotambuliwa, unaandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha unafanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mtaalamu kwa miaka mitatu. Wengi wanaipitia kwenye ule mpango wa Bodi unaoitwa SEAP, ulioanza 2003, ambapo unazungushwa kwenye kazi halisi na kuandika ripoti zinazosainiwa na anayekusimamia. Baada ya hapo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu, na huyo ndiye anayetia saini michoro ikakubalika. Juu yake kuna mhandisi mshauri. Kwa hiyo mtoto akiingia chuo mwaka huu, mnapanga safari ya miaka saba. Kaka yangu aliposikia saba alinyamaza akahesabu vidole. Yeye alikuwa na minne kichwani.

Kaka ni dereva wa tanki la mafuta, njia ya Tunduma. Alikuja na kozi yake mfukoni: petroli na gesi.

"Dada, mimi nimebeba mafuta ya watu miaka yote," aliniambia tukiwa bado getini. "Mwanangu ayachimbe."

Siwezi kumcheka mtu kwa neno kama hilo. Ameona nani anapata na nani anaendesha usiku. Tukaanzia huko.

Banda la kwanza tulilosimama kwa ajili ya petroli lilikuwa limepambwa vizuri mno. Karatasi za kung'aa, picha za mitambo ya baharini, kijana mwenye kipaza sauti anaita watu. Tulikaribishwa kwa viti. Kabla hatujakaa sawasawa mtu alikuwa ameshafungua kompyuta anauliza namba ya mtihani ya mtoto ili amjazie maombi palepale. Kaka alikuwa anataka kuitoa. Nikauliza maabara zenu ziko wapi, nikaoneshwa picha. Nikauliza kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne hapo niongee naye, hakuwepo. Nikauliza kama kozi inatambuliwa na Bodi ya wahandisi, nikaambiwa mchakato unaendelea. Ajira je? "Mama, kazi nje nje." Nikashukuru, nikamvuta kaka mkono. Sikitaji chuo hicho kwa jina, maana mambo ya vyuo hubadilika kila mwaka. Ukiambiwa mchakato unaendelea, jibu lako liwe kwamba utarudi ukikamilika. Mtoto hawezi kusoma ndani ya mchakato.

Banda la pili lilikuwa la chuo cha umma, na pale tulimkuta mhadhiri mwenyewe, mtu mzima, shati la mikono mifupi, amekaa pembeni anakunywa maji. Nilimpenda kwa sababu hakutuuzia kitu. Kaka akamweleza nia yake. Yule mwalimu alimuuliza kwanza mtoto ana nini kwenye Fizikia na Hisabati, halafu akaanza kumweleza kama mtu anayeongea na jirani yake. Gesi tunayo. Songo Songo iligunduliwa 1974 na inazalisha umeme tangu 2004. Ile ya baharini, kwenye kina kirefu, ilianza kupatikana 2010, na hesabu ya taifa zima inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Vyuo vikafungua kozi, vijana wakajaa. Lakini kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kilichotarajiwa Lindi, ambacho ndicho kingewachukua wengi, hadi 2024 kilikuwa bado kwenye mazungumzo. Vijana walioingia darasani kwa sababu ya habari zile walishamaliza, wengine walishaoa.

"Na bomba la Hoima?" kaka akauliza. Alikuwa amelishika hilo, maana barabarani wanalizungumza. Bomba la kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443.

Yule mwalimu akafurahi. Akatueleza jambo ambalo kaka alilirudia kwa watu wawili watatu siku hiyohiyo. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba lote linapashwa moto kwa umeme, mwanzo hadi mwisho, ili mafuta yatiririke. "Sasa niambie," akasema, "bomba la kilomita elfu na zaidi linalopashwa moto kwa umeme linamhitaji nani?" Linamhitaji mhandisi umeme. Linamhitaji mhandisi mitambo kwenye vituo vya pampu. Linamhitaji mhandisi ujenzi kwenye njia, kwenye mito, kwenye barabara za kufikia. Wa petroli anahitajika pia, hasa kule visimani, lakini wao ni wachache na wanatafutwa wenye uzoefu. Akamalizia kwa kusema kwamba akiwa ni mwanawe angemsomesha umeme au mitambo kwanza, halafu petroli aikute kwenye shahada ya pili kama bado ataitaka.

Naunga mkono maneno haya kwa nguvu zangu zote, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Mti wa uhandisi una shina na matawi. Ujenzi, mitambo, umeme, hilo ni shina. Ukishika shina unaweza kupanda tawi lolote baadaye. Ukianzia kwenye tawi, na tawi lenyewe ni la mradi mmoja, mradi ukichelewa unabaki nalo mkononi. Angalia Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Tuta ni kazi ya ujenzi. Mitambo inayozungushwa na maji ni ya watu wa mitambo. Jenereta na njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze ni ya watu wa umeme. Hakuna aliyehitaji shahada iitwayo uhandisi wa mabwawa ya Rufiji. SGR niliyopanda asubuhi hiyo ni vilevile: tuta, madaraja, nguzo za umeme, vichwa vya treni, mawasiliano. Fani za zamani kabisa, kazi mpya.

Sisemi matawi hayana maana. Kama mtoto anajua anachokitaka, yapo mahali pake na yana watu wanaoyaheshimu: Chuo Kikuu Ardhi kwa jiomatiki (upimaji wa ardhi) na uhandisi wa mazingira, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine hapa kwetu Morogoro, kwa uhandisi wa kilimo na umwagiliaji, NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kwa magari na ndege. Nazungumza na yule mzazi ambaye mtoto wake ana PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anapenda uhandisi kwa jumla, na kozi ameichagua kwa kusikia jina lake redioni.

Sasa nifike kwenye banda lililonifanya niyape maonesho haya nyota nitakazozitaja mwishoni. Lilikuwa dogo, la chuo kingine cha umma, upande wenye kivuli. Halikuwa na spika. Mezani kulikuwa na koni ya chuma ya kupimia slampu, yaani zege bichi linashuka kiasi gani koni ikiondolewa, fimbo ya kushindilia, sahani ya chuma, na ndoo ya mchanga mbichi, maana zege huwezi kulichanganya uwanjani kila nusu saa. Nyuma ya meza alisimama msichana wa mwaka wa tatu, ujenzi, kajifunga lemba na amevaa aproni ya maabara yenye madoa ya saruji ya siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nipimie."

Akainama. Akakanyaga masikio ya koni kwa miguu yote miwili ili isiinuke, akajaza theluthi ya kwanza, akashindilia huku anahesabu kwa sauti ya chini mpaka 25. Theluthi ya pili, 25, na fimbo ikipenya kidogo tu kwenye tabaka la chini. Ya tatu, 25. Akasawazisha juu kwa fimbo, akafuta mchanga uliomwagika pembeni ya koni kwanza, jambo ambalo hata saiti nawagombeza watu kila siku, kisha akainua koni taratibu, wima, mikono miwili. Akaigeuza akaiweka pembeni, akalaza fimbo juu yake, akapima kwa rula kutoka chini ya fimbo hadi juu ya mchanga.

Nikamuuliza, ukiinua kwa kupinda? Akasema zege linakatika ubavuni, kipimo hakifai, unatupa unachukua sampuli nyingine. Nikamuuliza, na kama msimamizi anakuharakisha? Akatabasamu. "Mama, PT, yaani field, ya mwaka wa pili nilikuwa kwenye daraja. Foromani aliniharakisha. Kyubu za siku 28, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, zikaja chini. Tangu hapo siharakishwi."

Sikuwa na swali lingine. Mtoto wa mwaka wa tatu ambaye ameona kyubu zikifeli na anajua kwa nini, huyo chuo chake kinafundisha. Hukihitaji kipeperushi. Chuo chenyewe nacho sikitaji, kwa sababu sikusudii kukuchagulia. Kipimo hiki kinafanya kazi kwenye banda lolote: muombe mwanafunzi wa mwaka wa tatu akuoneshe kitu anachokijua kwa mikono yake. Kama ni umeme, akuoneshe saketi aliyoiunganisha mwenyewe na akwambie ilipogoma aliitafutaje hitilafu. Kama ni mitambo, akuoneshe kipande alichokichonga kwenye lezi na akwambie kwa nini kile cha kwanza kilikataliwa. Huhitaji kuwa fundi kama mimi ili kuelewa. Mtu aliyefanya anaeleza makosa, na mtu aliyesoma tu anaeleza faida.

Yule msichana ndiye aliyejibu na maswali ya mpwa wangu. PT kwao zipo tatu, kila mwisho wa mwaka isipokuwa wa mwisho, wiki nane. Chuo kinatoa barua na kina orodha ya makampuni, lakini anayejitafutia mapema ndiye anayepata mahali pa maana. Wengine wanakwenda kukaa ofisini wakitumwa chai. Wasichana wanapelekwa saiti, na ni haki yao kudai kupelekwa. Yeye alianza kwa kuwekwa kwenye makaratasi, akaomba viatu vya saiti, akapewa. Sapu ipo, kukeri kupo kwa masharti, na kudisko, yaani kuondolewa chuo, kupo. Mwaka wa kwanza ndio mgumu kuliko watu wanavyofikiri kwa sababu ni Hisabati tupu, na aliyetoka na B ya kukariri anaumia. Kaka aliandika yote haya nyuma ya karatasi ya mtoto, kwa mwandiko wake wa kidereva, kila neno.

Nyongeza yangu kwa wasichana: Bodi kwa muda iliwahi kupata ufadhili wa Norway kwa ajili ya SEAP ya wahandisi wanawake, na nimefanya kazi na mmoja aliyepita huko. Milango kama hiyo hufunguka na kufungwa. Binti akiwa chuoni awe na tabia ya kufuatilia tovuti ya Bodi tangu mwaka wa pili, asisubiri kuhitimu.

Banda la Bodi ya Mikopo lina foleni, na foleni ile ni halali yake. Vumilia. Nilichokipenda ni kwamba unaeleza hali ya familia yako kwa mtu, uso kwa uso, na anakwambia nyaraka gani zinakosekana. Kumbuka kwamba mkopo unaombwa peke yake, hauji pamoja na udahili, na kwamba mtoto akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Weka hiyo kwenye hesabu ya miaka saba. Mhandisi mhitimu mwenye makato ya mkopo, anayepanga chumba, anayetuma na nyumbani, miaka ile mitatu ya mwanzo inambana kweli, na wengi huacha njia ya usajili hapohapo wakakimbilia kazi nyingine yoyote. Si kwa uvivu. Ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema. Kwa wenye matokeo ya juu kabisa ya sayansi upo Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, ambao ni ufadhili na si mkopo. Mpwa wangu hakufika huko, lakini kama wako kafika, uliza.

Na kama mtoto hakufika hata pointi 4, au ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, msipite mabanda ya vyuo vya ufundi kama watu wanaokwepa msiba. Diploma ya miaka mitatu DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Arusha Tech au Mbeya ni njia kamili. Ukitoka na GPA ya 3.0 na kuendelea unaomba shahada, na unaingia ukiwa umeshika mashine tayari. Kwenye barabara ninazozijua, wahandisi niliowaona wakitulia zege likiwa limeshindikana wengi walianzia diploma. Nasema nilichokiona.

Ubaya wa maonesho? Baadhi ya mabanda yana spika kubwa kiasi kwamba jirani yake anayeeleza jambo la maana hasikiki. Nenda asubuhi, kabla hawajachangamka. Baadhi yanaweka vijana wa kukodi wanaojua kutabasamu tu. Ukigundua hilo, omba mhadhiri, na kama hayupo uliza saa ngapi atakuwepo. Jua la saa saba ni kali na viti ni vichache, kwa hiyo mzee akija naye mtafutieni kivuli kwanza. Chakula kipo pembeni, chipsi na juisi ya miwa, bei za kawaida. Na ule mtindo wa kujaziwa maombi papo hapo ni mzuri kwa aliyeshaamua, ila ni hatari kwa ambaye bado anatafuta. Mtoto ndiye mwenye kozi. Asijaziwe na mtu ambaye hajamwona.

Jumapili binti aliruhusiwa simu. Kaka alimsomea majibu yote, mstari kwa mstari, na lile la bomba linalopashwa moto kwa umeme akalieleza kama amelijenga yeye. Halafu akamuuliza anataka nini. Akasema, "Baba, umeme. Ila niliogopa kukwambia." Mwaka mzima alikuwa anafungua redio mbovu za bweni, na sisi hatukuwa na habari. Chaguo la kwanza likawa umeme, la pili mitambo, kwenye vyuo vitatu, na petroli kaka mwenyewe akaifuta.

Kwa huduma inayotolewa bure natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku kila banda la uhandisi litakapolazimika kubandika mbele yake, kwa maandishi makubwa, kama kozi zake zinatambuliwa na Bodi ya wahandisi na mhitimu wake anaandikishwa kwenye daraja gani.

Jambo la mwisho, la vitendo. Dirisha la kwanza la maombi hufunguliwa siku zilezile za Julai, na kila chuo kinaombwa moja kwa moja kwenye mfumo wake. Mtoto akiwa kambini, bakini nyumbani na namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, na barua pepe anayoitumia pamoja na neno lake la siri. Namba ya simu mtakayoandika kwenye maombi iwe ya laini iliyo hewani muda wote, mkononi mwa mtu anayesoma ujumbe. Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha anachokitaka inatumwa kwenye laini hiyo, na muda wa kuthibitisha ni mfupi.